Ukuta Ulipojibu

Wifi yake Dobi alipofikisha mimba ya miezi saba, mkoromo wake ulianza kuvuka ukuta. Dobi, aliyelala chumba cha pili, alinyoosha mkono gizani na kugonga mara tatu. Mkoromo ukakatika, naye akavuta shuka. Asubuhi ukawa utani wao.

"Jana trekta ulilizima saa ngapi?" wifi aliuliza.

"Lilizimika lenyewe, wifi. Mafuta yaliisha."

Kaka yake Dobi, mume wa wifi, alikuwa dereva wa lori. Nyumbani alipita kama mgeni. Wanawake hao wawili ndio waliofua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha mbele.

Siku moja Dobi alinusa kuungua kabla hajaona. Wifi alikuwa amesinzia kasimama, pasi juu ya shati jeupe la mteja.

"Wee! Unalea mimba au unalea usingizi?"

"Kichwa kinapasuka. Nalala usiku kucha, naamka kama niliyekuwa nabeba mawe." Miguu ilimvimba, alivaa ndala za mumewe.

Kliniki, muuguzi alimpima presha, akarudia kumpima. Hakutabasamu.

"Unakoroma?"

"Kidogo."

"Pumzi hukatika usingizini?"

"Sasa nitajuaje, dada, na nimelala?"

Muuguzi akamgeukia Dobi. "Wewe uliye karibu naye, unasikiaje? Pumzi ikikatika-katika, presha hupanda, na mtoto tumboni hukosa hewa. Kama ndivyo, nimwandikie hospitali kubwa leo hii."

Chini ya meza, wifi alimfinya paja. Njiani alikuwa amemsihi, "Usiniaibishe. Mwanamke kukoroma! Halafu wanilaze, na mume wangu anarudi Jumamosi?"

Dobi alikumbuka zile mara ambazo mkoromo ulikatika mkono wake ukiwa bado hewani, hajagonga.

"Analala vizuri tu," akasema.

Wifi akamwachia paja. Muuguzi akatoa vidonge, akawaambia warudi Jumatatu.

Ijumaa usiku Dobi hakugonga. Alilala macho, akisikiliza. Mkoromo ulipanda, ukapanda, ukakatika. Akahesabu. Kumi. Ishirini. Ukarudi kwa mkwaruzo, kama mtu anayeibuka majini. Ukakatika tena. Ishirini. Thelathini. Arobaini.

Akagonga ukuta. Safari hii aligonga kwa ngumi, akiomba trekta liwake.

Ukuta ukajibu. Ngo, ngo, ngo.

Dobi alishusha pumzi, akacheka peke yake. "Umenitisha, mshenzi wewe!"

Lakini kugonga hakukukoma. Kulizidi kasi, bila mpango, kama mlango unaopigwa na upepo. Dobi akaruka na taa mkononi. Kilichogonga ni kitanda. Wifi yake alikuwa juu yake, mwili umekakamaa na kutikisika, macho meupe, povu mdomoni.

Hospitali, mtoto walimwahi. Mama yake hawakumwahi.

Siku hizi kitanda chake kidogo kiko upande wa Dobi wa ukuta, karibu kiasi kwamba mkono unafika kifuani pake bila kunyooshwa. Jumamosi dereva akirudi, husimama mlangoni na kuuliza, "Amelala vizuri?"

Dobi hulijibu swali hilo polepole.