Saa ya Maji Kufika Tackett

Tangu tumzike Verlin mwezi wa nne, watu wameacha kunipigia simu kuniuliza habari za maji. Sawa tu. Zamani simu yangu ilikuwa haitulii. Hapa kwetu Mto Little Cass, nusu ya wavuvi hawakuwa wanapiga ile namba ya bwawani, inayotaja saa ya kufungulia maji, wasikilize wenyewe, walikuwa wananipigia mimi. Wajisumbue ya nini, na Hollis yupo? Nami nilikuwa naringa, sikatai. Mdogo wangu Verlin ndiye aliyeongoza kwa uvivu huo. Miaka thelathini na moja hakupiga namba ile hata siku moja.

Jumanne moja mwezi wa kumi alikuja mjane wake, Nedra. Alisimama mlangoni kavaa suruali kuukuu ya mpira ya marehemu, ile inayofika kifuani, imempwaya mpaka kaikaza kwa mshipi kiunoni. Akasema anataka nimfundishe ratiba ya maji. Nikamuuliza ya nini, shemeji, wewe samaki huyu trauti humtaki hata kwenye sahani. Akasema anataka kujua, basi.

Ningeweza kusingizia mgongo. Nilijua kabisa kwamba akishaielewa hesabu ile atajua nani alimponza mumewe mpaka mto ukamchukua, maana saa ya maji kufika Verlin aliambiwa na mimi, na haikuwa sahihi. Nikaliwaza hilo palepale mlangoni na sikusikia chochote, si hofu wala aibu. Miezi sita sasa nakula mikate ya biskuti na mchuzi kila asubuhi na siwezi kukwambia ina ladha gani. Nikachukua kofia.

Kwanza nilimpigisha ile namba ya bwawani. Yule mama wa kwenye kanda iliyorekodiwa, ambaye sauti yake haijabadilika tangu nilipokuwa na nywele, akasema leo mashine nne, kuanzia saa sita mchana. Nedra akaandika kiganjani. Nikamweleza kwamba mjini wakihitaji umeme, bwawa linafungua maji yazungushe mashine. Mashine zikiwa zimelala, mto unashuka hadi magotini, trauti unawaona kwa macho na unaingia mpaka katikati. Zikiamka, palepale uliposimama maji yanakupita kichwa. King'ora kinalia, lakini kinasikika kule kule bwawani. Na saa anayoitaja yule mama ni ya bwawani pia, wakati sisi tunavua pale Tackett, maili tisa chini.

“Kwa hiyo huku yanachelewa,” akasema.

Nikamwambia ndiyo. Mashine moja, masaa matatu. Yakifunguliwa saa sita, Tackett yanafika saa tisa. Mashine nne yanakimbia, ni lisaa limoja na nusu tu. Akahesabu kwa vidole, taratibu, midomo ikicheza.

“Saa saba na nusu,” akasema.

Nikamwambia amepatia. Tukapanda gari langu kwenda mtoni.

Pale Tackett nilimwonyesha habari ya jiwe. Unatafuta jiwe la ukubwa wa mkate, unaliweka ukingoni, chini limelowa, juu kavu. Likilowa juu, huulizi, unatoka. Wageni hawalijui jambo hili. Nedra akachagua jiwe mwenyewe, akaliweka, akalikandamiza kwa kisigino.

Ilikuwa saa saba kasoro robo. Akaingia mpaka mapajani, akarusha ndoano, ikanasa kwenye mti. Nikamwambia shemeji, trauti wa huku hawapandi miti. Akatabasamu kidogo, akainasua, akarusha tena vibaya vilevile. Tukakaa hivyo muda mrefu, yeye majini, mimi kwenye changarawe na chupa yangu ya kahawa.

“Siku ile ulimwambia saa ngapi?” akauliza bila kugeuka.

“Saa tisa.”

“Na mashine zilikuwa ngapi?”

“Nne.”

Akakunja kamba yake yote. “Asubuhi ulipiga simu?”

Hilo ndilo somo nililoliruka makusudi. Yule mama hubadilisha. Analosema jioni, asubuhi anaweza kulifuta, baridi ikizidi mjini au mashine ya kwingine ikiharibika. Kwa hiyo mtu mwenye akili hupiga mara mbili. Asubuhi ile Verlin aliponipigia nilikuwa nakaanga nyama. Kwenye mlango wa friji nilikuwa nimebandika karatasi niliyoandika jana yake: mashine moja, saa sita. Nikamsomea hiyo, uma ungali mkononi.

“Sikupiga,” nikasema. “Nilimsomea ya jana yake.”

Hakuna aliyewahi kuniuliza, si polisi, si mchungaji. Nikangoja nisikie kitu. Nilichosikia ni baridi ya mawe matakoni.

Halafu jiwe likalowa juu. Nikamwambia shemeji, toka. Akatazama saa yake ya mkononi, hakutoka. Nikamwambia tena. Maji yale hayaji na kelele, yanatanguliza majani makavu na povu kidogo, kisha unaona ukingo umesogea. Yakampanda mapaja, yakafika kiunoni, naye kaikodolea saa macho kana kwamba mto haupo. Nikaingia na viatu vyangu. Nina miaka sitini na nane na goti moja bovu. Nikamshika ule mshipi wa kiunoni, tukapepesuka, tukaanguka mara moja, tukatoka kwa magoti. Jiwe lilikuwa halionekani tena.

“Dakika kumi na mbili,” akasema, akihema. “Tangu jiwe lilowe mpaka kiunoni. Alikuwa na dakika kumi na mbili za kutoka.”

Nikamwambia Verlin alikuwa anaujua mto huu.

“Alikuwa anaujua. Ila jiwe hakuweka.” Akakamua mkono wa shati. “Akishaongea na wewe alikuwa haweki jiwe. Nilimuuliza siku moja. Akasema la nini, na Hollis keshaniambia?”

Hapo ndipo iliponiuma. Iliniuma kifuani, vibaya, nikashindwa kuinuka. Nedra alinisubiri bila kunigusa, wala hakuniharakisha.

Tulirudi tumewasha hita, tunatetemeka wote wawili. Nilipomfikisha getini kwake nikamwambia akitaka kwenda tena, mimi nitakuwa napiga simu kule bwawani, jioni na asubuhi, kila siku, halafu nampigia nimpe saa.

Akafungua mlango wa gari, akashuka na fimbo yake ya kuvulia.

“Hapana, shemeji,” akasema. “Nitapiga mwenyewe.”