Barua Mbili za Moyo

Siku ya pili ya likizo yao ugenini, moyo wa fundi cherehani ulianza kuruka mishono, na vidonge vyake alikuwa amevisahau nyumbani juu ya friji.

"Kichwa changu hiki ni cha kufugia nywele tu!" alifoka, mumewe akimkongoja hadi duka la dawa. Mume huyu alimlinda kama yai. Jana tu alipandisha masanduku yote mawili hadi ghorofa ya nne, akamkataza mkewe asiguse hata kipochi.

Mume akatoa barua ya daktari mfukoni. Mfamasia, ambaye hawakujua lugha yake, akaisoma, akavuta kiti, akamkalisha mume.

Fundi akacheka. "Mgonjwa ni mimi, bwana!"

Mfamasia akamwonyesha jina kwa ncha ya kalamu. Lilikuwa la mumewe. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, kabla moyo wa fundi haujaanza vituko vyake.

Fundi akamgeukia mumewe.

Mume akapapasa mfuko wa pili, akatoa barua nyingine, iliyokunjwa vilevile.

"Samahani, mama watoto. Nimechanganya. Yako hii hapa."