Mlima Haukubadili Nia

Theopista aliacha shule akiwa kidato cha tatu, tumboni ana mimba ya Doto. Sasa Doto yuko darasa la sita, na mama yake amerudi kusoma jioni, mjini Mpanda, katika darasa la watu wazima. Anataka uuguzi, na uuguzi haumpokei aliyefeli fizikia.

Kilichomkaba ni mchapuko hasi, yaani badiliko la kasi lenye alama ya kutoa.

"Ni kupungua mwendo," alijibu siku mwalimu alipouliza maana yake.

"Mara nyingine, Mama Doto. Si kila mara," alisema Mwalimu Selestine, kijana mdogo kwake kwa umri. "Hasi inaonyesha upande. Tukihesabu kwenda juu ni chanya, mpira uliorushwa una mchapuko hasi ukipanda, na bado una mchapuko hasi ukishuka."

Wenzake wakaandika. Yeye akaweka kalamu chini.

"Ukishuka si unaongeza kasi, mwalimu? Hapo sijaelewa."

"Andika tu, dada, tuondoke," Obadia alinong'ona nyuma yake.

"Niliandika nisichoelewa zamani, nikafeli."

Jumamosi, akitoka shamba Magamba, alifika kwenye kilima akashuka kwenye baiskeli. Akaitazama njia. Akapanda tena, akakanyaga pedali kwa nguvu zote, kisha akaachia miguu ikaning'inia pembeni. Baiskeli ikapanda, ikalegea, ikasita. Woga ukamshika, akakamata breki.

Akarudi chini kuanza upya. Safari hii hakugusa breki. Baiskeli ilipanda, ikasimama kufumba na kufumbua, ikaanza kurudi kinyumenyume, kila hatua kasi zaidi, mpaka ikamtupa majanini.

Alilala pale kiwiko kikimwuma, akiwaza. Alipopanda, mlima ulimvuta chini. Aliposimama, ulimvuta chini. Aliporudi, ulimvuta vilevile. Mwendo ndio uliogeuka. Mlima haukubadili nia.

Jumatatu alisimama ubaoni, kiwiko kimefungwa kitambaa, akawaeleza wenzake. Mwalimu Selestine akamsikiliza mpaka mwisho.

"Baiskeli iliposimama kule juu, mchapuko ulikuwa sifuri?"

Theopista alichora baiskeli juu ya kilima.

"Hapana, mwalimu. Ungekuwa sifuri, ningebaki palepale. Kasi ndiyo iliyokuwa sifuri."

"Ndiyo hivyo," alisema mwalimu.

Obadia aliinua mkono, akaomba arudie pole pole, maana yeye bado. Theopista akafuta ubao, akaanza upya.

Jaribio la mwezi ule lilimpa C yake ya kwanza ya fizikia. Umeme, mada iliyofuata, ulikuwa bado unamngoja, na huo, watu walisema, ni mgumu zaidi.