Yowe la Charline Uwanjani

Charline alikuwa akiimba soprano katika kwaya ya parokia mpaka alipopasuliwa uvimbe wa shingo. Kidonda kilipopona, sauti ilirudi nzito, ya kukwaruza. Hakuna aliyemfukuza kwayani; aliacha mwenyewe kwenda.

Anastase, mpiga gitaa wa bendi ya hevi metali, alimsikia katika soko la Kituku akiita wateja wa samaki. "Sauti hiyo ndiyo tunatafuta," alimwambia. Charline alidhani anachekwa. Hata hivyo alikwenda mazoezini, akabaki.

Mama yake, Mama Julienne, hakupenda. "Ile haiko kuimba, mutoto wangu. Ile ni kugombana na batu." Lakini siku ya tamasha alikuja uwanjani, akaketi juu kabisa, kitenge kimemfunika kichwa asitambulike.

Watu walikuwa wamekuja kucheza ndombolo. Gitaa la Anastase liliponguruma, wengine waliziba masikio, wengine wakazomea. Chupa ya plastiki ikampiga Charline begani. Akawaashiria wenzake wanyamaze.

"Wimbo huu ni wa papa yangu," alisema. "Alitoka Rutshuru na gari ya maharagi, hakufika. Hatukupata mwili, hatukuzika mutu. Miye siwezi tena kumulilia na sauti muzuri. Munisamehe."

Kisha akaachilia yowe. Lilitoka tumboni, refu, la kutisha, na ngoma zikaliingia kwa chini. Kuzomea kukakoma. Upande wa jua, mwanamke mmoja aliyekimbia vita Kibumba alisimama, mtoto mgongoni, akajibu kwa yowe lake. Akafuata mwingine, halafu safu nzima, vijana kwa wazee, kila mmoja akimlilia wake, gitaa likiwabeba wote.

Tangu mumewe apotee, Mama Julienne hakuwa amelia, maana kulia kungekuwa kukubali. Sasa alisimama. Kitenge kikaanguka, hakukiokota. Akaita, "Cyprien, Cyprien," mpaka mwanamke asiyemjua akamshika kiuno asianguke.

Walipokutana langoni, mama na binti walikuwa wamekaukiwa sauti.

"Mama, ulisikia?"

"Nilisikia." Alimpangusa jasho usoni kwa kiganja. "Kesho tutaenda kwa padri. Tuombe misa."

"Misa ya kumuombea arudi, kama kila mwaka?"

"Hapana," alisema Mama Julienne. "Misa ya marehemu."

Charline akamshika mkono, wakaanza kwenda nyumbani kwa miguu.