Mahali Anapokaa Bibi

Mzee aligonga kifuniko cha risiva kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akasikiliza. Ndivyo babu yake alivyokuwa akigonga mbao, seremala aliyetundika milango ya watu wenye heshima zao asiitwe hata mara moja kuja kuirekebisha. Ndivyo pia alivyokuwa akigonga baba yake, ambaye wenye nyumba walimkabidhi funguo wakasafiri zao, wakarejea na kukuta kazi imekwisha, vumbi la mbao limefagiwa na jikoni hakijapungua hata kijiko. Watu wa ukoo huo hawakununua kitu kwa kuwa kimesifiwa. Walikigonga kwanza.

"Fundi, hilo si kabati," muuza duka alisema, akijizuia kucheka. Alikuwa mwanamke mchangamfu, na kaunta aliyoiegemea ilikuwa kazi ya mikono ya mzee huyohuyo.

"Naona kwamba si kabati. Lakini aliyefunga skrubu hizi alikuwa fundi, na aliyefunga zile alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani."

Mbele yake zilikuwa risiva mbili, ile mitambo inayopokea sauti ya runinga na kuigawa kwenye spika za sebuleni. Ya bei nafuu ilikuwa nzito, imenyooka, skrubu zake zimelala sawasawa. Ya bei kubwa ilikuwa nyembamba na nyepesi, na bei yake ilikaribia kuwa mara mbili ya mwenziwe. Fedha alikuwa nazo, kwa kuwa zahanati ilikuwa imemlipa kazi ya madirisha. Ila alikuwa ameziwekea nia nyingine. Alitaka randa ya umeme, ili mabega yaliyosukuma randa ya mkono tangu ujana yapate kupumzika.

"Tofauti yake nini hasa?" aliuliza. "Usinipambie. Nieleze kama unavyomweleza baba yako."

"Baba yangu ningemuuzia ya bei kubwa, kisha nimwombe na nauli." Alipoona mzee hacheki, akajiweka sawa. "Hii nafuu inapiga kelele vizuri, sitakudanganya. Hii nyingine inapima chumba kwanza. Ina kipaza sauti chake kidogo. Unakiweka pale anapokaa msikilizaji, yenyewe inatoa milio, inasikiliza milio inavyorudi kutoka kwenye kuta, halafu inajirekebisha. Tena maneno ya watu unaweza kuyapandisha peke yake, muziki ukabaki chini."

Hapo mzee akaigeukia ile nyembamba. Maneno ya watu ndiyo yaliyomleta dukani.

Mkewe alikuwa mtu wa maneno. Tamthilia ya jioni ilipoanza, yeye ndiye aliyewajibu waigizaji, akawaonya maharusi, akawatolea uvivu matapeli, hata majirani wakawa wanakuja kumsikiliza yeye kuliko runinga. Lakini tangu mvua zilizopita alikuwa akicheka kwa kuchelewa. Aliwatazama wajukuu usoni kwanza; wakicheka, naye akacheka. Daktari alisema masikio yake hayajafa, ila yameshindwa kuchambua maneno katikati ya makelele. Ukipandisha sauti, ngoma na magari vilipanda pamoja na maneno, naye akaishia kukunja uso. Siku za karibuni alikuwa akiinuka katikati ya mchezo na kusema sufuria zinamwita. Jioni moja mzee alimfuata. Sufuria zilikuwa safi, zimefunikwa, na mkewe alikuwa ameketi kimya ameelekea ukuta, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Nitazijaribu zote mbili nyumbani," mzee alisema. "Mimi mlango huufungua na kuufunga kabla sijaulipia."

"Kwako wewe, fundi, nitakuja mwenyewe."

Akaja Jumamosi alasiri na maboksi mawili na furushi la nyaya. Sebuleni walikuwapo wajukuu, wamejipanga kwenye zulia kama watu waliokata tiketi, pamoja na mtoto mkubwa wa mzee, dereva wa lori, ambaye hakuwa na subira na vitu vya anasa.

"Baba, sauti ni sauti," alisema dereva. "Lori langu lina spika moja, tena imepasuka, na taarifa ya habari naipata yote."

"Ndiyo maana hujui nchi inaendaje," mama yake alimjibu kutoka mlango wa jikoni, na watoto wakaangua kicheko.

Ya bei nafuu ikaunganishwa kwanza. Kipande cha tamthilia ya wiki iliyopita kikafunguliwa, na sauti ikaijaza nyumba kama maji ya bomba lililopasuka. Vioo vya kabati vilitetemeka. Watoto wakaruka na kupiga makofi, na dereva akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee hakuitazama runinga. Alimtazama mkewe, naye mkewe alikuwa akiwatazama watoto.

Ikaja zamu ya ile nyembamba. Muuza duka akatoa kipaza sauti kisichozidi kizibo cha chupa. "Haya, msikilizaji mkuu wa nyumba hii anakaa wapi?"

Hakuna aliyefikiri. Mikono yote ikanyoshwa kuelekea kiti kirefu cha mti mgumu, kilichochongwa na babu wa mzee, ambacho mikono ya vizazi vitatu ilikuwa imekisugua hadi kikang'aa. Hata mkewe, akiwa na kitambaa cha vyombo mkononi, alikionyesha kwa kidevu. Kipaza sauti kikawekwa hapo. Mtambo ukatoa mlio kama wa ndege, kisha kama wa mchanga unaomwagwa juu ya bati, kisha ukatulia.

Mzee akaketi kitini mwake, na tamthilia ikaanza upya.

Ilikuwa kana kwamba waigizaji wamevua viatu na kuingia ndani. Alisikia kanga ikiburuzwa sakafuni. Alimsikia mtu akimeza mate kabla ya kusema uongo. Maneno yalimfikia moja moja, yamepigwa randa, hayana hata kibanzi. Furaha ikampanda, akageuka kumtazama mkewe.

Watoto walicheka. Mkewe akawatazama, naye akacheka.

Moyo wa mzee ukashuka.

"Umeona, baba?" dereva alisema, wala si kwa ubaya. "Hapo tofauti ni bei tu. Chukua ile nafuu, kanunue randa yako upumzishe mabega."

Muuza duka alianza kukunja waya taratibu, kama mtu anayekunja mkeka baada ya matanga.

"Usijisumbue bure, mzee," mkewe alisema. "Mimi sikosi kitu. Mnanisimulia."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote. Mwanamke aliyekuwa akiisimulia tamthilia kwa mtaa mzima leo anasimuliwa na watoto wanaolala saa mbili! Mzee aliinuka ili wajukuu wasimwone uso. Alivuka sebule hadi mlango wa jikoni, akajishusha kwenye benchi fupi, ubavuni mwa mkewe.

"Usizime kwanza," alimwambia muuza duka. "Iache iendelee."

Akasikiliza. Nyuma ya kisogo chake jokofu lilinguruma. Kulia kwake kabati kubwa la vioo, kazi aliyojivunia kuliko zote alizopata kufanya, lilisimama katikati ya benchi na spika kama askari mlangoni. Maneno yaliyokuwa yamenyooka pale kitini yalifika hapa yamevimba na kushikana, kama ya watu wanaozozana ndani ya pipa. Masikio ya mzee yalikuwa mazima, na bado hakuambulia nusu.

Benchi hilo alilitengeneza mwenyewe walipohamia nyumba hii, kabla dereva hajazaliwa. Mzee hakuwahi kulikalia.

"Umevumilia makelele haya miaka yote?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Makelele yapi?" mkewe aliuliza. "Sema basi, unanong'ona kama mchumba."

Mzee akasimama wima. "Tumekosea kipimo," alisema, na sauti yake ikarudi kuwa ile ya karakana. "Tumepima kwangu. Mgonjwa ameketi hapa, na dawa nimekunywa mimi!"

"Basi mama akae kwenye kiti," dereva alisema.

Jambo hilo halikuwahi kutamkwa sebuleni humo. Mkewe ndiye aliyejibu. "Nipande huko juu kama hakimu, nyuma huku mchuzi uungue? Hapa naona jiko, naona mlango, nawaona nyote pamoja na ujinga wenu. Hapa ndipo pangu."

"Basi risiva itakufuata hapohapo," mzee alisema. "Nyanyua upande ule, mwanangu."

"Kabati la vioo, baba? Si ulisema halitaondoka hapo hadi ufe?"

"Nimebadili nia. Nyanyua."

Wakalihamisha kwa jasho, likaacha ukutani alama nyeupe yenye umbo lake. Jokofu wakalisukuma mpaka pembe ya ndani ya jikoni. Muuza duka, ambaye sasa macho yake yalikuwa yaking'aa, alipokiweka kipaza sauti juu ya benchi, mzee alimzuia.

"Huko ni usawa wa paja. Yeye hasikilizi kwa paja." Alikwenda kuleta kipande cha ubao, akakisimamisha, akamketisha mkewe kando yake, akaweka alama ya penseli usawa wa sikio, na kipaza sauti kikafungwa hapo.

"Umeniona mlango leo," mkewe alisema.

"Ungekuwa mlango ungekuwa umenyamaza."

Mtambo ukatoa milio yake upya. Muuza duka akapandisha maneno ya watu peke yake, kidogo, kisha kidogo tena. Wakati huo saa ya tamthilia ikafika, sehemu mpya ambayo hakuna aliyeiona.

Tapeli mmoja, amevaa suti ya kumeremeta, alikuwa akiposa. Alitaja mashamba yake, akataja magari yake, akataja ng'ombe. Muziki ulikuwa ukipigwa. Nyuma ya pazia mama mkwe mtarajiwa alimwinamia dada yake, akanong'ona, bila hata kufumbua kinywa, kwamba suti ile ni ya kukodi, na mwenye nayo yuko nje anaisubiri.

Kicheko kikapasuka kutoka mlango wa jikoni.

Kilikuwa kikubwa, cha kutoka tumboni, na kilitangulia peke yake. Mkewe alijipiga paja, akainama, akainuka. "Mwenye suti yuko nje!" alipiga kelele. "Vua, mwanaharamu, vua umpe mwenyewe!" Watoto kwenye zulia wakageuza vichwa vyote kumtazama bibi yao, ili wajue kuna nini cha kuchekesha.

Dereva alivua kofia, akaishika mikononi.

"Binti," mzee alisema, "ile nafuu irudishe dukani. Hii haitoki."

"Na randa, fundi?"

"Mabega haya hayajalalamika bado." Akajikohoza, akakivuta kile kiti kirefu juu ya zulia hadi kikagusa benchi, akaketi, na fahari ikamlegeza ulimi. "Mimi nilijua tangu dukani. Niliigonga tu nikajua."

"Ulijua?" muuza duka alisema. "Si ulikuwa unasifia skrubu za ile nyingine!"

Dereva akacheka, watoto wakadakia, kila mmoja akataka kusema lake, na hapo mkewe akanyanyua kiganja juu, macho yake hayajabanduka kwenye runinga.

"Nyamazeni!" alisema. "Wewe mzee, na mtoto wako, na hivi vitoto vyote. Fungeni midomo msikilize. Huyu mama ana neno."

Wakanyamaza wote. Kwenye runinga pazia lilitikisika, na yule mama, kabla ya kusema, akavuta pumzi.