Anabebwa

Fainali ya pool ya wasichana ilichezwa bwaloni Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kwa sababu ukumbi wa chuo ulikuwa umekodishwa kwa harusi. Meza za kulia zilisukumwa ukutani. Meza ya pool iliwekwa katikati, mguu wake mmoja mfupi ukitegeshewa kitabu cha takwimu ili mipira isijiendee yenyewe. Mwamuzi, ambaye ndiye mwalimu wa michezo, alipuliza filimbi mara ya kwanza ili watu wanyamaze, na mara ya pili kwa raha zake.

Zawadi haikuwa kikombe. Kikombe kilishaondoka na bingwa mmoja aliyehitimu nacho. Zawadi ilikuwa chumba katika bweni la wasichana: kitanda kimoja, dirisha na ufunguo, mpaka kumaliza masomo.

Mwanafunzi wa upimaji ardhi, ambaye wote walimwita Mpimaji, alikitaka chumba hicho kuliko cheti chenyewe. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa anabebwa. Pale chuoni neno hilo lina maana yake: jina lako halimo bwenini, basi unalala kwenye kitanda cha rafiki, kichwa chako miguuni pake, na matroni akipita unajifanya rundo la nguo chafu. Rafiki aliyembeba alikuwa na moyo mzuri, ila siku hizi alikuwa anahema kwa nguvu kila akigeuka. Hata mgeni hupewa jembe siku ya tatu, na Mpimaji alikuwa ameshapitisha siku hiyo kitambo.

Mpinzani wake aliitwa Mpwa, kwa kuwa mlezi wa wanafunzi alikuwa mjomba wake, na hakuna aliyeona haja ya kujua jina jingine. Alikuwa anaishi kwa huyo mjomba, nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Mjomba aliona chumba cha bwenini kingemfaa mpwa wake kupumzikia mchana.

Mpwa alianza kwa kudumbukiza mpira mweupe shimoni, na hiyo ni faulo. Mwamuzi, ambaye mkataba wake ulikuwa unangoja sahihi ya mlezi, alikuwa wakati huo anachunguza dari.

"Sijaona," alisema.

"Anabebwa!" wakapiga kelele wanafunzi.

Na kweli, Mpwa akainuka kutoka sakafuni, kama vidole vinne hivi. Hakuna aliyeshangaa. Mtu akibebwa, atakaaje chini? Alipogusa mpira kwa kiwiko na mwamuzi akasema ni upepo, alifika usawa wa benchi. Ili kupiga, ikambidi alale kifudifudi hewani, sketi akiibana kwa magoti. Hakuwa mtu mbaya. Alimwomba Mpimaji amrushie chaki, akasema asante.

Pamoja na hayo Mpimaji alicheza vizuri, mpaka kila mmoja akabakiwa na mpira mweusi tu. Zamu ilikuwa ya Mpwa. Akataja shimo la kona, akapiga, na mpira mweusi ukaingia.

Mpimaji alivuta benchi, akalisukuma chini ya viatu vya Mpwa, likatokea upande wa pili bila kugusa kitu.

"Mwalimu, hiyo ni faulo," alisema. "Ukipiga, mguu mmoja lazima uguse sakafu. Na faulo kwenye mweusi umepoteza mechi."

Mwamuzi alimtazama mlezi, aliyekuwa ameketi mbele, akaitazama filimbi yake, akakohoa.

"Ni kweli, kanuni inasema mguu uguse sakafu," alisema. "Ila haisemi saa ngapi. Sote tulimwona akiingia kwa miguu yake."

Mlezi akapiga makofi. Mpwa akapaa moja kwa moja hadi darini, na walimshusha kidogo kwa fimbo za pool ili apite mlangoni.

Jumatatu Mpimaji alipiga hodi kwenye chumba cha zawadi. Mpwa alikuwa amebanwa darini, anasoma karibu na taa. Mlezi alikuwa amesimama juu ya kiti, anampa sahani ya chakula. Chini yao kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakina hata mkunjo.

"Dada, kitanda hukitumii," alisema Mpimaji.

"Sikitumii. Kwangu mimi ungelala tu," alisema Mpwa. "Muulize mjomba."

"Binti yangu, kitanda kina mwenyewe," alisema mlezi.

"Mwenyewe yuko juu, mzee."

"Ndiyo. Sasa akishuka, atalala wapi?"

Mpimaji aliumia. Hata hivyo alimshikia mlezi kiti mpaka akashuka salama, kwa kuwa adabu ni adabu. Kisha akarudi kwa rafiki yake, akamkuta amelala katikati ya kitanda.