Doa la Zamani

Anastasie alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kabambare, na mumewe, Josué, alikuwa mkulima wa mpunga na karanga. Hawakuwa wameoana muda mrefu jicho la kushoto la Anastasie lilipoingia ukungu. Halikuwa jekundu wala halikutoa machozi. Liliuma tu alipoligeuza, na kitambaa chekundu alikiona kama kimefuliwa kwa majivu.

Wakati ule palikuwa na mwombezi mmoja aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaombea wagonjwa. Alimshika Anastasie kichwa, akasema jicho lile limefungwa kwa uchawi na mtu wa humo ndani. Na humo ndani waliishi watatu tu: wao wawili, na Mama Marie-Jeanne, mjane, mama mzazi wa Josué.

Josué alimfukuza mama yake. Hakumpiga, lakini alikitoa kitanda chake nje mchana, majirani wakiona. Mama alisema, "Josué, mimi sijui ile kitu." Kisha akajitwika furushi lake la nguo, akaenda kwa dada yake katika kijiji cha Wamaza. Baada ya majuma machache jicho likapona, na kila mtu akasema, "Munaona?"

Miaka ikapita. Halafu miguu ya Anastasie ikaanza kufa ganzi, kuanzia vidoleni hadi kiunoni. Alianguka darasani, chaki mkononi, watoto wakadhani anacheza. Akatibiwa malaria, akatibiwa tifoidi, miguu ikawa ile ile. Dokta Zéphirin wa Kasongo alipompima akasema hapa panahitajika IRM, ile mashine ya kupiga picha ya ubongo, na katika mkoa mzima wa Maniema haipo. Kaka yake Anastasie aliyeishi Kinshasa akamwita. Anastasie alipanda ndege Kindu, akalazwa ndani ya mashine inayogonga kama nyundo, akatolewa damu na maji ya uti wa mgongo. Akarudi nyumbani kungoja majibu.

Majibu yalipofika kwa Dokta Zéphirin, Josué alimpeleka mkewe Kasongo kwa pikipiki. Kwa kuwa miguu yake haikuweza kubana kiti, alimfunga mgongoni kwake kwa kitenge. Watu njiani waligeuka kuwatazama.

Dokta aliwageuzia kompyuta. Ubongo wa Anastasie ulionekana umekatwa vipande kama kitunguu, na katikati yake palikuwa na madoa meupe.

Josué alitabasamu. "Dokta, huku kote kunangaa. Si iko muzuri?"

"Hapana, ndugu yangu," dokta alisema polepole. "Kwenye hii picha, nyeupe ndiyo ugonjwa."

Anastasie alisogeza kiti karibu.

"Mishipa ya fahamu imefunikwa, kama waya wa umeme na plastiki yake," dokta aliendelea. "Ile askari ya mwili yenye kupiganaka na magonjwa imekosea, inakula plastiki. Kila pahali inakula, inaacha kovu. Makovu ndiyo haya. Wanaita sclérose en plaques."

"Kuna magonjwa ingine yenye kuleta madoa kama haya?" Anastasie aliuliza, kwa sauti yake ya darasani.

"Iko mengi. Ndiyo sababu walipima damu na maji ya mgongo. Picha peke yake haitoshi. Lakini vyote vinasema neno moja. Na tazama." Akaweka kidole. "Hili doa lilimeta walipokuchoma dawa ya rangi. Maana ni jipya, bado lina moto. Haya mengine hayakumeta. Ni ya zamani."

"Ya zamani namna gani?" Josué aliuliza.

"Picha haisemi mwezi wala mwaka. Mama, uliisha kusumbuliwa na jicho?"

Anastasie alieleza habari ya ukungu na ya kitambaa chekundu. Dokta akatikisa kichwa kukubali.

"Basi inaelekea ndiyo ilikuwa mwanzo. Mara nyingi jicho linapona lenyewe, hata bila dawa."

"Lenyewe?" Josué alisema.

"Lenyewe."

"Na nani aliutuma huu ugonjwa?"

"Hakuna mutu aliutuma."

Josué akainamisha uso mikononi. Dokta aliendelea kueleza kwamba ugonjwa huo hauponi, kwamba dawa za kuuchelewesha zipo Kinshasa na hazifai kukatizwa, lakini ni Anastasie peke yake aliyekuwa akisikiliza.

Nje ya ofisi ndipo alipolia. Alilia kwanza kwa ajili ya miguu yake. Kisha akafuta uso, akasema, "Wakati wa kurudi, tupite Wamaza."

Walimkuta Mama Marie-Jeanne akimenya muhogo. Alikuwa amekonda. Josué alipiga magoti pale kwenye maganda na kumwambia yote: madoa, jicho, jinsi lilivyopona lenyewe.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa picha ndiyo imesema siko mulozi," alisema. "Mimi nilikuambia na kinywa yangu."

"Nisamehe, mama. Turudi nyumbani."

Mama alimgeukia Anastasie. "Na wewe, mwanangu, utapona?"

"Hapana, mama. Watanipa dawa ya kuchelewesha tu."

Hapo ndipo mama mzee alipoweka kisu chini, akamvuta mkamwana wake kifuani, akalia kwa sauti. Aliwapikia, akawalaza. Lakini asubuhi hakufunga nguo zake.

Kiangazi kilipoanza, Anastasie alienda kuishi Kinshasa kwa kaka yake, karibu na dawa. Kuna wakati dawa hupatikana, kuna wakati hukosekana. Katika kukosekana kwa mara ya kwanza ugonjwa ulimrukia mkono wa kuume. Siku hizi hawezi kuandika, na Josué humsikia kwa simu tu.

Josué alibaki shambani. Kila akivuna, hupeleka mpunga Wamaza. Mama yake huupokea, huupika, huketi naye akila na kumuuliza habari za Anastasie. Jua likianza kushuka huinuka, hufuta mikono na kumwambia kwa upole, "Njia iko ndefu, mwanangu. Uende."